Cheti cha Uzima: Safari ya Mbulu na Hanang

Mtu atokaye Babati kwenda Mbulu hupita kwanza katika nchi tambarare yenye mahindi na mbaazi. Kisha afikapo Dareda huuona ukuta wa Bonde la Ufa umesimama mbele yake, mrefu, wa kijani, umefunikwa kichwani na mawingu. Hapo gari huanza kupanda kwa kugugumia, na katika kila kona abiria hutazama chini na kumtaja Mola wake. Baada ya muda joto la chini husahauliwa. Hewa hugeuka baridi, na nyumba huonekana moja moja juu ya vilima, kila moja na shamba lake, ng'ombe wake na miti yake. Hii ndiyo nchi ya Wairaki, watu wenye lugha ya Kikushi, ambao zamani walijenga nyumba zao kwa kuzichimba ubavuni mwa kilima, paa likawa sawa na ardhi, ili adui apite asizione.

Nilikwenda huko kwa jambo la jamaa. Rafiki yangu wa siku nyingi, mfanya biashara ya vitambaa mjini Katesh, mwenye asili ya Kondoa, aliniletea khabari kuwa binti wa marehemu mdogo wake ameposwa, naye ndiye walii wake. Na katika posa hiyo limezuka neno ambalo hapendi kulikata peke yake. "Njoo," alisema, "tulizungumze uso kwa uso." Neno lenyewe hakulitaja. Basi nikaona kwamba, kwa kuwa njia ya Mbulu na Haydom sijaipita tangu ujana wangu, niizunguke hiyo kabla ya kuteremka Katesh. Nakusimulieni, ndugu wasomaji, niliyoyaona na niliyoyasikia. Kwani nilipofika mwisho wa safari nilitambua kuwa njia nzima ilikuwa ikinifunza jawabu la neno nililoitiwa.

Dereva wa malori

Jirani yangu garini alikuwa mtu wa makamo, dereva wa malori aliyekuwa akirudi kwao kupumzika. Gari liliposimama Dongobesh alininunulia mahindi ya kuchoma, na mazungumzo yakaanza. Alinisimulia habari za mwaka 2020, wakati maradhi ya Korona yalipoingia Afrika ya Mashariki. Mwezi wa Mei mwaka huo Serikali ya Kenya ilifunga mpaka wake na Tanzania kwa watu wote isipokuwa magari ya mizigo, na kila dereva akatakiwa apimwe kwanza. Malori yakajipanga Namanga na mahali pengine, foleni ndefu isiyoonekana mwisho.

"Mzee wangu," alisema yule dereva, "mimi nilingoja mpakani siku nyingi. Nililala chini ya gari, nikala mkate mkavu. Nilichokuwa nikingojea ni karatasi tu. Mwenye karatasi ni mtu. Asiyekuwa nayo ni maradhi."

Maneno yake ya mwisho yalinikaa moyoni. Kwa hakika katika miaka ile ulimwengu mzima uliishi kwa karatasi. Tarehe 31 Oktoba na 1 Novemba 2020 nchi ya Slovakia, iliyo katika Ulaya, iliwapima watu zaidi ya milioni 3.6 kwa siku mbili kwa kipimo cha haraka. Aliyeonekana hana maradhi alipewa cheti na kuruhusiwa kwenda kazini na kutembea, na aliyekataa kupimwa akaamriwa akae nyumbani. Denmark iliweka pasi yake mwaka 2021, mtu asiingie mkahawani wala sinema bila ya kuonyesha kuwa amepimwa, au amechanjwa, au amekwisha kuugua akapona. Uingereza iligawa bure vipimo vya kujipimia nyumbani, kila mtu ajipime mara mbili kwa wiki. Na Hija ya mwaka 2021 iliruhusiwa kwa watu 60,000 tu, wote wakiwa wakaaji wa Saudia waliochanjwa. Mwaka uliofuata, waliporuhusiwa milioni moja, watokao nje walitakiwa wawe na cheti cha kipimo kilichofanywa katika saa 72 kabla ya kuondoka.

Wala jambo hili si geni kwa Waislamu. Wazee wetu waliokwenda Hija kwa merikebu katika karne ya 19 wanajulikana jinsi walivyoteremshwa katika kisiwa cha Kamaran, mlangoni mwa Bahari ya Sham, wakakaa karantini kwanza kwa ajili ya kipindupindu. Na hata leo mwenye kwenda Makka hatoki bila ya chanjo ya homa ya uti wa mgongo. Kwa hiyo neno la kwamba mlango fulani haufunguliwi mpaka uzima wa mtu ujulikane halikuzaliwa jana. Jipya ni moja tu: zamani mpimaji alikuwa tabibu, na siku hizi mtu anaweza kujipima mwenyewe chumbani mwake, kwa kijiti kisichozidi urefu wa kidole, akangoja robo saa, akakisoma mwenyewe.

Nilimwuliza dereva: "Na hapa kwetu watu walikubali kupimwa?" Akacheka. "Unasahau, Mzee? Si tulisikia habari ya papai?" Kweli, nilikuwa nimeisahau. Mwezi huo huo wa Mei 2020 Rais wa wakati huo, marehemu John Magufuli, alisema hadharani kuwa sampuli za papai na za mbuzi zilipelekwa maabara kwa siri na kutoka zikiwa na maradhi, akavitilia shaka vipimo vyenyewe. Hesabu za wagonjwa hazikutangazwa tena mpaka mwaka 2021, alipokuwa Rais Samia Suluhu Hassan. Na chanjo ikaanzishwa Julai mwaka huo. Ndugu msomaji aniwie radhi, sina nia ya kufufua mabishano yale. Nataka aone hili tu: kipimo chochote, kiwe kizuri namna gani, hakina nguvu zaidi ya imani ambayo watu wanayo kwa mwenye kukishika.

Mbulu na mgonjwa asiyetoka

Mji wa Mbulu umelala juu, baina ya vilima, na asubuhi ukungu huufunika hata minara na mapaa yasionekane. Sokoni harufu ya vitunguu saumu inamtangulia mtu kabla hajaviona, kwani nchi hii inajulikana kwa zao hilo. Waislamu si wengi hapa; aghalabu ni watu wa biashara na kazi za mjini, lakini msikiti una watu wake, na nilipokaa barazani baada ya sala ya adhuhuri nilikirimiwa chai kana kwamba nilikuwa nimezaliwa mtaa ule.

Hapo ndipo mzee mmoja aliponikumbusha jambo ambalo huko pwani hatulijui sana: kwamba katika mwaka 2007 wilaya hii ilizukiwa na tauni. Naam, tauni ile ile ya vitabuni, inayoenezwa na viroboto wa panya. Alisema kuwa watu walianza kutazamana makwapa na mapaja, kutafuta uvimbe, na mgeni aliyetoka kijiji fulani alisalimiwa kwa mbali.

"Tukakumbushana Hadithi," alisema, "ya mtu kutokwenda penye tauni, na aliye humo kutotoka kuikimbia."

Msomaji anaijua habari hiyo. Sayyidna Umar alipokuwa akienda Sham alifika mahali paitwapo Sargh, akaambiwa kuwa tauni imeingia huko. Akashauriana na Muhajirina, kisha Answari, kisha wazee wa Makureshi, akaamua kurudi. Abu Ubayda akamwuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Naye akamjibu kuwa anatoka katika kadari kwenda katika kadari. Kisha Abdurrahman bin Auf akawahadithia aliyoyasikia kwa Mtume (S.A.W.), na Umar akamshukuru Mola wake. Tauni hiyo, iliyoitwa ya Amwas, iliwaondoa katika mwaka 18 wa Hijria watu wengi sana, naye Abu Ubayda akiwa miongoni mwao.

Nilipokuwa nikinywa chai ile nilitazama hukumu hii kwa upande ambao sikuutazama zamani. Katika hukumu ya tauni hakuna aliyepimwa. Haikusemwa kuwa mzima atoke na mgonjwa abaki. Walifungiwa wote waliomo, na wote walio nje walizuiwa. Mzigo ukabebwa na mji mzima, tajiri na masikini, bila ya mtu kunyoshewa kidole. Kipimo cha haraka kimekuja kuubadilisha mpango huo. Kinatuwezesha kumwacha mzima aende kazini kwake, na hiyo ni rehema kubwa, kwani mji ukifungwa mwenye kula kwa jasho la siku ile hulala na njaa. Lakini pia kinamtenga mtu mmoja mmoja, na kumwachia mmoja mzigo uliokuwa wa wote. Faida na hatari zimetoka katika tumbo moja.

Haydom na kijiti

Kutoka Mbulu nilirudi Dongobesh, nikashika njia ya Haydom. Huko, mbali na kila mji mkubwa, ipo hospitali iliyofunguliwa na Walutheri wa Norway katika mwaka 1955, nayo leo ni hospitali ya rufaa inayopokea wagonjwa kutoka Manyara na mikoa ya jirani. Mbele ya lango lake utawaona watu wa lugha za namna nne wamekaa kivulini: Wairaki kwa Kikushi chao, Wadatoga wenye mashuka yao, Wanyiramba wenye lugha ya Kibantu, na mara nyingine Wahadza watokao bonde la Yaeda, ambao bado wako miongoni mwao wanaoishi kwa kuwinda na kuchuma. Sijapata kuona mahali pengine Afrika nzima ikikaa juu ya ubao mmoja.

Nyumba niliyofikia ilikuwa ya mama mmoja muuguzi mstaafu, Mkristo, Mwiraki, mtu mwenye ucheshi na maneno machache. Mumewe ni jamaa ya mwenyeji wangu wa Katesh. Jioni tulipokaa karibu na moto nilimwuliza juu ya vijiti vya kujipima virusi vya UKIMWI, kwani nilikuwa nimeona bango lake njiani. Akanieleza kwa utaratibu, kama aliyezoea kuwafundisha wageni.

Maradhi haya yaligunduliwa Tanzania kwa mara ya kwanza katika mwaka 1983, mkoani Kagera. Mkoa wa Manyara, kwa fadhila za Mwenyezi Mungu, uko miongoni mwa mikoa yenye maambukizi machache. Utafiti wa taifa wa mwaka 2022 na 2023 ulionyesha kuwa katika Tanzania nzima watu wazima wenye virusi ni kiasi cha wanne na nusu katika kila mia, na Manyara ni chini ya nusu ya hesabu hiyo. Shirika la Afya la Dunia lilipendekeza kujipima katika mwaka 2016, na Bunge la Tanzania likairekebisha sheria mwaka 2019 ili mtu aruhusiwe kujipima mwenyewe, na kijana wa miaka 15 aweze kupimwa bila ya kungoja idhini ya mzazi.

"Kipimo chenyewe ni chepesi," alisema. "Kimoja hupitishwa kwenye ufizi, kingine huhitaji tone la damu ya kidole. Ukingoja dakika zilizoandikwa, utaona mstari mmoja au miwili. Lakini watu husahau mambo matatu."

Akayahesabu kwa vidole. La kwanza, mistari miwili si hukumu; ni ishara ya kwenda kituoni kupimwa tena kwa utaratibu kamili, kwani kijiti peke yake hakimthibitishi mtu kuwa ana virusi. La pili, mstari mmoja hausemi habari za juzi. Aliyeambukizwa karibuni anaweza kuonekana hana, na kipindi hicho huweza kufika miezi mitatu. La tatu, mtu aliyekwisha kuanza dawa hatakiwi kutumia kijiti hiki, kwa sababu dawa zikifanya kazi vizuri huenda kikamwonyesha hana kitu, hali ya kuwa anacho.

"Basi kijiti kinafaa nini?" nikauliza.

"Kinafaa sana," akajibu. "Kinamfaa mwenye haya, asiyethubutu kupanga foleni mbele ya jirani zake. Kinamfungulia mlango wa kuja kwetu. Lakini kijiti hakina jina la mtu, Mzee. Ukiniletea kijiti chenye mstari mmoja, nitajuaje kuwa ni mate yako?"

Metida

Njia ya kutoka Haydom kwenda Katesh inapita Basotu, penye ziwa dogo lililojaa katika shimo la volkeno ya kale, na mashamba mapana ya ngano yaliyolimwa tangu miaka ya 1970 kwa msaada wa Kanada. Katika mashamba hayo Wadatoga, ambao wengi wao hapa ni Wabarabaig, walipoteza malisho yao mengi, na huzuni yake haijesha. Lakini nilitaka kusikia kwao jambo jingine.

Mzee mmoja wa Kidatoga, aliyekuwa akingoja gari pamoja nasi, aliniambia juu ya desturi yao iitwayo metida. Maana yake ni kujitenga na kujiepusha. Aliyefiwa, na mwanamke aliyejifungua, na mtu aliyefikwa na baadhi ya misiba, huingia katika metida. Hatembelei nyumba za watu, hashiriki vyombo vyao, wala watu hawamwendei ovyo. Muda wake hutegemea jambo lenyewe. Mara nyingine siku, mara nyingine miezi mingi. Wairaki nao wana desturi iliyo jirani na hii. Bi Astrid Blystad wa Norway na wenzake, waliokaa siku nyingi na watu wa Mbulu na Hanang, waliandika juu ya metida mwaka 2007.

Sikukusudia kuisifu desturi ile kuliko inavyostahiki. Mzee mwenyewe alikiri kuwa ni nzito, na aghalabu mzigo wake huwaangukia wanawake, walio na majonzi tayari. Sisi Waislamu tuna mafundisho yetu juu ya eda na maziko, nayo yanatutosha. Lakini nilimwuliza swali moja: "Aliye katika metida anakula nini?"

Akanitazama kama aliyeulizwa na mtoto. "Anakula chakula," alisema. "Ana ng'ombe wake, ana watu wake. Amekaa kando, hakutupwa. Na siku zikiisha, anatoka, na kila mtu anajua kuwa ametoka."

Neno hili nalo likaingia moyoni, likakaa karibu na neno la dereva. Nikaona kuwa kila jamii iliyoogopa maradhi ilitafuta namna ya kufunga mlango. Lakini watu wenye hekima, walipoufunga, walikumbuka mambo mawili: aliye nje alishwe, na njia ya kurudi ijulikane. Pasi nyingi za zama zetu zimekuwa hodari kwa kufunga, zikasahau yale mawili. Dereva aliyelala chini ya lori hakulalamikia kupimwa. Alilalamikia mkate mkavu, na kutojua mwisho.

Katesh, chini ya mlima

Mlima Hanang unaonekana toka mbali, umesimama peke yake, kimo chake kikipita mita 3,400. Ni mlima mzuri, lakini leo mtu wa Katesh huutazama kwa jicho lingine. Alfajiri ya tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya ubavu wake iliporomoka. Maji, matope, miti na mawe vikateremka juu ya Katesh na vijiji vya Gendabi na Jorodom, na zaidi ya watu 80 wakafa. Mwenyezi Mungu awarehemu.

Mwenyeji wangu alinionyesha mahali tope lilipofikia. "Siku ile," alisema, "tulivuta watu kutoka topeni Muislamu na Mkristo, Mwiraki na Mrangi. Tulilala wengi katika chumba kimoja. Hakuna aliyeuliza nani mzima na nani mgonjwa."

Baada ya chakula cha usiku ndipo alipolitoa neno lake. Kijana aliyeleta posa ana kazi na ana adabu. Lakini ameishi miaka kadhaa mbali, katika machimbo ya mawe ya thamani. Walii akamtaka alete uthibitisho wa uzima. Kijana hakukasirika, baada ya siku mbili alileta bahasha, ndani yake mna kijiti chenye mstari mmoja. Mke wa mwenyeji akasema yatosha, tarehe ipangwe. Shemeji yao akasema haitoshi, na zaidi ya hapo apewe kila Muislamu wa mji ule shuruti hiyo hiyo: asiye na kijiti asiozeshwe, wala asikae na wenzake katika sinia moja. Mji mdogo una masikio. Kijana wa watu alikuwa amekwisha kuanza kutazamwa kwa pembe ya jicho.

"Nawe unasemaje?" akaniuliza.

Nikamwambia niliyoyaokota njiani. Kwanza nikaitenga sinia na ndoa. Korona hupita katika pumzi, na kwa maradhi ya pumzi, wakati wa hatari, kumwomba mtu ajipime kabla ya kuingia katika mkusanyiko ni jambo la akili, ikiwa cheti ni cha siku ile tu na aliyezuiwa anatunzwa. Lakini virusi vya UKIMWI havipiti katika sinia, wala kikombe, wala safu ya sala, wala kupeana mkono. Kumzuilia mtu sinia kwa ajili yake ni dhulma isiyomkinga yeyote. Na sheria ya nchi ya mwaka 2008 imekataza mtu kulazimishwa kupimwa, isipokuwa katika mambo machache iliyoyataja, ikakataza pia kumbagua mwenye virusi na kuitangaza siri yake.

Ndoa ni jambo jingine. Humo maradhi haya hupita kweli, na wanachuoni wetu wa fiq-hi waliandika tangu kale mlango mzima juu ya aibu za ndoa, ili mtu asiingizwe kwa udanganyifu. Kutodhuru na kutodhuriana ni msingi wa sharia. Kwa hiyo walii anayeuliza hana makosa, anatimiza amana. Kosa liko katika namna ya kuuliza. Kijiti kilichopimwa faraghani hakina jina, hakina tarehe, wala hakisemi habari za miezi mitatu ya nyuma. Anayekichukua kama pasi anaweza kumpa mlango mwenye hila, na kumfungia mwenye kweli.

Tulikuwa bado katika maneno hayo, mara pazia la mlango wa ndani likatikisika. Binti mwenyewe alikuwa amekuja kuondoa vyombo, naye bila shaka alikuwa amesikia. Akasimama, macho chini, akasema kwa sauti ndogo:

"Baba Mkubwa, samahani. Na mimi je?"

"Wewe una nini, mwanangu?"

"Mimi nami sijapimwa. Yeye ameleta chake. Mbona hakuna aliyeniambia nipeleke changu?"

Chumba kizima kikanyamaza. Sisi wazee, tulioizungusha habari hii usiku kucha, hakuna hata mmoja aliyekuwa amelifikiri hilo. Tulimtaka mmoja apite mlangoni kwa cheti, na mwingine tukamhesabu kuwa ni mlango. Mwenyeji wangu akainamisha kichwa, kisha akasema: "Umesema kweli, binti yangu. Mtakwenda wote wawili, mkipenda."

Ikakubaliwa hivi: bahasha irudishwe kwa kijana kwa heshima, na aombwe radhi kwa maneno ya mtaani. Wachumba wakiridhia, waende pamoja katika kituo cha afya, wapate nasaha, wapimwe, na warudie tena baada ya muda watakaoambiwa na mtabibu. Majibu yawe yao. Walii asiulize karatasi. Aulize tu kama kila mmoja ameijua hali ya mwenzake na ameridhika. Na ikitokea kuwa mmoja wao ana virusi, isifikiriwe kuwa milango yote imefungwa. Kwani leo mwenye virusi anayetumia dawa zake sawasawa, hata vikapungua visionekane katika kipimo cha maabara, hamwambukizi mwenziwe kwa unyumba, na mama aliye katika dawa aghalabu huzaa mtoto aliye salama. Haya ni maarifa ambayo wazee wetu hawakuyapata. Si uungwana tuyapate sisi kisha tuishi kama tusiyoyajua.

Shemeji alikuwa na swali la mwisho, nalo ni la haki. "Na wakifichana?" aliuliza.

"Wakifichana," mwenyeji akajibu, "watakuwa wamemficha aliyewaona. Mimi nitakuwa nimefanya langu."

Asubuhi nilipanda gari la Babati. Mlima ulikuwa wazi, hauna wingu, na kovu la maporomoko lilionekana ubavuni mwake. Nilifikiri kuwa tutazidi kupewa vijiti vya kila namna, vyepesi zaidi na vya haraka zaidi. Vijana wetu, jifunzeni kuvitumia bila ya haya, kwani kujijua ni nusu ya tiba. Nanyi wazazi, msipoitaka kweli kwa watoto wenu mnawadhuru. Lakini mkiitaka, itakeni kwa pande mbili, na muwe tayari kuipokea namna itakavyokuja. Kipimo ni taa. Mwenye taa humwangazia mwenziwe njia. Hamchomi nayo uso.

Miezi mitano baadaye niliarifiwa kuwa nikahi imesomwa, na kwamba sinia zilikuwa nyingi na watu walikaa mchanganyiko, bila ya mtu kumtazama mwenziwe kwa pembe ya jicho. Majibu ya kituoni sikuandikiwa, wala sikuyauliza.